Nahodha Sakafuni

9 Machi

Mwanangu mpendwa,

Hujambo wewe na vyuma vyako? Kifua kinasemaje na huo moshi wa kuchomelea? Sisi huku wazima, tena mmoja wetu ni mzima kupita kiasi, ndiyo maana nimekimbilia kalamu kabla dereva wa lori la saruji hajaondoka kuja huko darajani kwenu.

Nahodha amesimama!

Ndiyo, huyo huyo mwanao njiti, aliyetangulia kuja duniani miezi miwili kabla ya wakati, akalazwa kwenye kile kisanduku cha kioo na mirija puani. Kila asubuhi namshikisha ukingo wa kochi, nampigia makofi, naye anasimama kwa ncha za vidole, miguu imekaza ndi, huwezi kuikunja hata ukitaka. Nimefundisha mpira wa vijana hadi nywele zimeniisha, na miguu ya namna hii sijaiona. Mtoto wa jirani, aliyezaliwa naye mwezi mmoja, ameanza kutembea kwa kushika ukuta, na mama yake anapita hapa kifua mbele. Nipe muda kidogo tu, tutawanyamazisha.

Yule mkwe wangu, mumeo aliyehama timu katikati ya msimu, akiiona miguu hii atajuta.

Usiumie kwa kumwacha Nahodha huku. Vumbi la huko si la mapafu yake. Fanya kazi, daraja liishe, urudi.

Ni mimi baba yako, kocha wa nyumba.


17 Machi

Baba,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mimi sijambo, ila tangu barua yako ifike chakula hakipiti.

Tafadhali usimsimamishe tena. Nakupigia magoti. Siku tuliyoruhusiwa hospitalini, mtaalamu wa mazoezi ya viungo alinieleza kwamba njiti wengi hukaza miguu na mgongo, kwa kuwa walitoka tumboni kabla hawajapata muda wa kujikunja vizuri. Mtoto akisimama kwa vidole huku amekaza hivyo, si nguvu, Baba. Ni mwili unaokaza wenyewe, na ukimsimamisha kila siku unazidi kuuzoesha. Anatakiwa awe chini. Alale kwa tumbo, ageuke, ashike miguu yake mwenyewe aichezee. Je, anaishika? Hujaniambia.

Halafu umri wake tunauhesabu kuanzia siku aliyotakiwa kuzaliwa, si siku aliyozaliwa. Kwa hiyo mwache mtoto wa jirani na kuta zake.

Mpeleke kliniki wiki hii. Kama miguu ina shida, wakati wa kuisaidia ni huu, bado mdogo, ubongo wake ungali unajifunza. Haya yote nilitakiwa kukueleza kabla sijapanda lori, lakini siku ile nilikuwa nalia tu.

Mbusu lile shavu lenye kishimo.

Mwanao.


25 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo mzima, unaouma sasa ni moyo.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimeketi, kisha nikaisoma tena nimesimama. Yaani nipunguze umri wa mtoto? Mimi? Mimi niliyemtimua golikipa aliyekuja kujiandikisha timu ya watoto na ndevu zake? Maisha yangu yote nimegombana na wanaopunguza umri, leo binti yangu wa kumzaa ananiambia nimkate mjukuu wangu miezi miwili! Mtoto alizaliwa siku aliyozaliwa. Nilikuwepo pale koridoni, kama umesahau.

Na huko kulala kwa tumbo nilimjaribu. Alilia hadi sauti ikakauka. Nikamwinua, na nitamwinua tena. Mimi si mtu wa kumkodolea macho mtoto analia sakafuni.

Kazi njema.

Baba yako.


12 Aprili

Baba, shikamoo.

Mko wazima? Lori linakuja, linarudi, barua nyingine hakuna. Dereva anasema alikukuta mlangoni ukamwambia huna la kusema. Wewe! Unayemfundisha refa kazi yake kupitia redio!

Sijakasirika. Naogopa. Nikifumba macho namwona kwenye kile kisanduku, mkono wangu nimeupitisha tunduni, na kidole changu kimoja ndicho alichoweza kukishika. Nimemwambia msimamizi kwamba lori lijalo likija bila barua yako, nitaondoka nalo. Amesema nafasi yangu itachukuliwa. Basi ichukuliwe.

Mwanao anayekupenda hata ukinuna.


19 Aprili

Mwanangu,

Usipande lori. Kaa hapo hapo, soma kwanza.

Habari za kazi? Mimi kwa kweli sikuwa mzima, ila sasa nimepata nafuu. Hasira ilinishika, ikaisha, ikabaki aibu, nayo ikanizuia kuandika. Ila siku moja nilikuwa namvalisha Nahodha suruali, mguu wa kushoto ukakataa kukunjika. Nikausukuma taratibu, ukakataa. Yeye akacheka, akidhani tunacheza. Nikaketi kitandani na suruali mkononi. Kisha nikambeba hadi kliniki na fulana niliyolala nayo.

Mtaalamu wao ni binti mdogo kuliko wewe, mpole. Alisikiliza hadithi yangu yote ya kochi na makofi bila kunikatisha. Kisha akatandika godoro jembamba, akamlaza Nahodha kwa tumbo, taulo lililoviringishwa chini ya kifua. Kilio kikaanza, na mimi mikono mbele.

"Babu, usimwinue," akasema. "Lala naye."

"Nilale wapi?"

"Hapo hapo chini. Uso kwa uso."

Nililala, mwanangu, na kitambi changu hiki, mbele ya kina mama wote wa foleni. Mmoja alisogeza mkoba wake kunipisha kwa heshima, kana kwamba napita. Nahodha alipouona uso wangu kule chini akanyamaza. Akainua kichwa anitazame vizuri. Kikatetemeka, kikaanguka, akakiinua tena.

Nikamuuliza yule binti habari ya umri, nikitaraji ubishi. Akauliza, "Babu, ulishawahi kuchezesha watoto wadogo pamoja na wakubwa?" Nikasema kamwe, wataumizwa. Akaendelea kuukunja mguu. Ndipo nikaelewa. Mjukuu wangu nilikuwa nimemwingiza uwanjani na wakubwa wake, nikamlaumu kwa kuchelewa mpira. Nimeikata ile miezi miwili, kwa roho safi.

Swali lako la siku zile: hapana, hakuwa akiishika miguu yake. Sasa tunamkunja magoti hadi tumboni, polepole, hasa akiwa kwenye maji ya vuguvugu, maana humo hulegea. Ameigundua. Anaitazama kama mali ya mtu mwingine. Kuhusu baadaye, binti hakunificha. Wengine hulegea kabisa, wengine mguu hubaki mgumu, na ni mapema mno kusema.

Niliogopa, mwanangu. Uliniachia kiumbe mdogo, nikataka urudi umkute anakimbia, useme baba yangu ameweza. Nisamehe.

Baba yako.


30 Aprili

Baba yangu,

Shikamoo, na nyingine juu yake. Nimebaki. Nilisoma barua yako juu ya jukwaa la chuma, nikacheka hadi wenzangu wakanisogelea wakidhani nimepatwa na kitu, halafu nikalia ndani ya miwani ya kuchomelea, na humo machozi hayana pa kutokea.

Sikukuachia akimbie. Nilikuachia umpende, na hilo umelifanya hadi ukapitiliza. Endelea kulala chini. Na uniambie kila kitu, kizuri na kibaya.

Mwanao.


2 Agosti

Mwanangu mpendwa,

Hujambo? Dereva anasema daraja limeshika pande zote mbili na mnamalizia kingo. Hongera, fundi wangu. Huku hatujambo, na leo nina neno.

Asubuhi tulikuwa sakafuni kama kawaida yetu. Jua lilikuwa limeingia mlangoni, likachora kipande cha mwanga. Nahodha akakitazama. Akanyanyua tumbo. Mkono, mkono, goti la kulia, na mguu wa kushoto ukaja nyuma ukiburuzika. Akaangukia kidevu. Akaenda tena. Alifika kwenye mwanga akaketi ndani yake, akaanza kupiga sakafu.

Mimi ninayepiga kelele hata mpira ukitoka nje, safari hii nilisahau hata makofi. Nilibaki nimelala chali, machozi yananiingia masikioni.

Tulikwenda kliniki mchana. Binti alifurahi hadi akaita wenzake. Kisha akaniambia ule mguu wa kushoto bado mzito, na huenda akatembea akiuvuta kidogo. Mazoezi hayaachwi. Sikumuuliza kama atacheza mpira. Nilimuuliza kama unamuuma. Akasema hapana, haumuumi. Basi nikalala usingizi wa mchana kama mtoto, mimi na yeye, hapo hapo sakafuni.

Njoo, mama. Ila ukifika usiusukume mlango kwa pupa. Gonga kwanza, kisha usukume polepole sana, maana siku hizi mwanao anaweza kuwa nyuma yake.

Baba yako.