Waya wa Kijani

MAELEZO YA NYONGEZA YA SHAHIDI

Kituo cha Polisi, Wilaya ya Lushoto
Ijumaa, tarehe 3 Mei 2002. Yameanza kuandikwa saa 3:20 asubuhi.
Jina: Dorkasi Danieli Shemzigwa
Umri: miaka 39
Dini: Mkristo, Mlutheri
Kazi: fundi redio na televisheni
Makazi: Lushoto mjini, nyumbani kwa mama yake mzazi

Mimi niliyetajwa hapo juu nimekuja kituoni kwa miguu yangu, sikuletwa na mtu. Tarehe 22 Aprili niliandikisha maelezo hapa hapa, mbele ya Koplo huyu huyu, kuhusu kifo cha mdogo wangu Kristian. Nilisema kwamba pawa saplai aliyouziwa na Hamza Zuberi, yaani lile boksi la chuma linaloingiza umeme ndani ya kompyuta, ilikuwa mbovu na ndiyo iliyomuua. Kwa maneno yangu hayo Hamza alikamatwa jioni ile ile, na leo siku ya kumi na moja yuko mahabusu. Maelezo yale yalikuwa na uongo ndani yake. Naomba hili liandikwe kwanza kabla sijaogopa.

Kristian alikuwa na miaka 27. Alilima karoti na kabichi Malindi, hii ya hapa hapa Lushoto, na alikuwa akisindikiza mizigo ya mboga hadi Dar es Salaam. Huko mwaka juzi alikuta chumba ambamo watu wanapanga foleni kucheza gemu za kompyuta, mpira na mashindano ya magari. Alirudi hapa hana habari nyingine. "Dada, Lushoto hakuna kompyuta ya gemu hata moja. Nikiunda yangu, mimi ndiye wa kwanza." Nikamwambia, wewe hata kompyuta hujawahi kuigusa, utaiunda na nini? Akacheka. Alikuwa na cheko la kukera sana, mtu unaghadhibika huku unacheka naye.

Akanunua daftari. Kila safari aliuliza watu wa madukani, akaandika. Madabodi, prosesa, memori, diski, vipande vyote vya ndani, ipi inakubaliana na ipi, ipi ya mtumba inatosha, ipi ukibana pesa utajuta. Alibadilisha ile orodha sijui mara ngapi. Usiku na mchana ilikuwa ni hiyo tu, mpaka mama akasema huyu sasa aozeshwe. Vifaa vilipanda mlima kimoja kimoja ndani ya matenga matupu ya karoti, vimeviringishwa kwenye blanketi. Monita ilifika na udongo wa Malindi kwenye kioo.

Mnamo Jumamosi tarehe 2 Februari 2002, kama saa nne asubuhi, tulikwenda wote wawili dukani kwa Hamza, karibu na stendi. Hamza ni mtu wa Mlola, anauza vifaa vya umeme vya mtumba. Vilibaki vitu viwili kwenye orodha: kadi ya picha, ile inayofanya gemu lionekane vizuri bila kukatakata, na pawa saplai. Hamza aliweka pawa saplai mbili mezani, moja nzito na moja nyepesi. Namnukuu Hamza kama nilivyomsikia akimwambia Kristian: "Mgosi, chukua hii nzito. Hii nyepesi ni ya kompyuta ya kuandikia barua, ya gemu itaichosha." Alisema pia kwamba nyepesi ikitupa shida yoyote tuirudishe, atatubadilishia.

Pesa ilitosha nzito peke yake, au nyepesi pamoja na kadi ya picha. Kristian hakumwangalia Hamza, aliniangalia mimi. Nimetengeneza redio za mji huu miaka kumi na saba, Afande. Vipaza sauti vya kanisani kwetu ni mkono wangu. Niliibeba ile nyepesi, nikaipima mkononi, nikaigonga na bisibisi, nikasema, "Umeme ni umeme. Chukua kadi yako. Hii nitaishughulikia mimi." Hayo niliyasema mimi. Hamza akafunga mzigo.

Tuliiunganisha nyumbani siku ile ile, chumba cha mbele. Ilipowaka Kristian alipiga yowe, majirani wakadhani kuna nyoka. Lakini spika zilikuwa zinanguruma. Mngurumo mzito wa chini, mmm, hauishi, hata gemu likiwa halipigi sauti yoyote. Kristian alisema labda ndio kile Hamza alichokisema, tuirudishe. Mimi nikaona aibu. Nirudi kwa Hamza nimwambie nini, fundi mzima?

Sasa naomba liandikwe vizuri hili, maana ndilo lililonileta. Sisi mafundi redio tuna desturi yetu. Amplifaya ikinguruma, unafungua plagi, unautoa waya wa ethi, ule wa kijani, unaukunja pembeni na tepu nyeusi, mngurumo unakata. Nilifundishwa hivyo, na kanisani nilifanya hivyo, kwaya ikasikika safi. Ile kompyuta niliitendea kama redio. Nilifungua plagi yake nikautoa waya wa kijani. Mngurumo ukakata pale pale. Kristian alinipigia makofi. "Fundi ni fundi!" akasema. Nilivimba kichwa, sifichi.

Kazi ya ule waya ni kuupeleka umeme unaovuja ardhini, fyuzi iungue, mtu asalimike. Najua. Nilijua hata siku ile, ila kujua kwa darasani na kujua kwa mkono ni vitu viwili.

Kuanzia hapo kasha la kompyuta likawa linang'ata. Ukiligusa na mkono mtupu unasikia kama siafu kwenye vidole. Kristian aliniambia mara ya kwanza mwezi wa pili, nikamwambia avae ndala, mpira haupitishi umeme. Akaandika karatasi kwa kalamu nyekundu, akaibandika juu ya kasha: VAA NDALA KWANZA. AMRI YA FUNDI. Tuliicheka sana ile karatasi. Wageni wakija kucheza anawaonyesha kwanza karatasi kisha anawapa ndala za mama. Mwezi wa nne masika ilipokolea, ukungu ukawa unaingia mpaka ndani, kuta zinatoka jasho. Akaniambia, "Dada, siku hizi inang'ata kweli kweli." Nikamjibu nitaiangalia Jumapili baada ya ibada. Hiyo Jumapili ingekuwa tarehe 21 Aprili.

Mnamo Jumamosi tarehe 20 Aprili 2002, saa 10:40 alasiri, nilirudi kutoka kazini. Mama alikuwa nyuma ya nyumba anachuma mboga. Mlango wa mbele ulikuwa wazi. Ndala za Kristian zilikuwa nje, kwenye gunia la kufutia miguu, zimepangwa vizuri, kwa sababu mama alikuwa amepiga deki, na kwetu sakafu ikipigwa deki hakuna mtu anayeikanyaga na viatu. Mimi mwenyewe nilivua vyangu. Sakafu ilikuwa bado na maji.

Kristian alikuwa ameanguka ubavu, mkono wake bado uko nyuma ya kasha. Nilizima swichi ya ukutani, nikachomoa. Nilimgeuza, nikamkandamiza kifua, nikamwita. Nilimwita kwa jina la utotoni, ambalo sitaki liandikwe. Mama aliingia akaona, akatoka mbio kuita watu, nasikia sauti yake inashuka bondeni.

Monita haikuwaka tena na kompyuta haikuwaka tena, lakini nilipoingia mlangoni, kabla sijazima, ilikuwa bado inafanya kazi. Kwenye kioo gari lake jekundu lilikuwa limesimama katikati ya barabara, magari mengine yote yameshapita. Juu yake yalikuwa yanawakawaka maandishi ya Kiingereza, yanamwomba mchezaji wa pili abonyeze aanze. Alikuwa akiniomba kila siku nicheze naye. Nilimwambia mimi si mtoto.

Hapa ndipo penye uongo wangu. Kabla watu hawajafika nilikuwa peke yangu dakika kama tano. Nilitoa bisibisi mfukoni, nikafungua plagi, nikabandua tepu nyeusi, nikaurudisha waya wa kijani mahali pake nikaukaza. Mdogo wangu amelala chini na mimi nakaza skrubu! Kisha nikaibandua ile karatasi ya ndala nikaiweka kwenye sidiria. Jirani yetu Sefania alipoingia, alinikuta nimemshika Kristian mkono, nalia, na kulia kule hakukuwa uongo.

Ndiyo maana mlipofungua plagi mlikuta kila kitu sawa, mkasema basi kosa ni la boksi. Inawezekana boksi lilikuwa linavuja, hilo mtaalamu ataona. Lakini waya ule ungekuwepo, fyuzi ingeungua, Kristian angenifuata kazini ananilalamikia gemu limezimika. Na Hamza alitukataza kulichukua. Katika maelezo yangu ya kwanza hilo sikulisema.

Kilichotokea baada ya hapo ni hiki. Tangu tumzike nausikia ule mngurumo. Nausikia kazini redio zote zikiwa zimezimwa. Nausikia kanisani, nimekwenda kukagua amplifaya, hakuna kitu. Nimeurudisha waya wa kijani wa kanisani, sasa amplifaya inanguruma kweli, kwaya wananung'unika, na mimi siwezi kutofautisha upi ni upi. Hata sasa hivi nausikia. Nimemuuliza Afande kama redio hiyo ya mezani imewashwa, amenionyesha kwamba haina hata betri.

Jumatano tarehe 1 Mei, saa nane mchana, mke wa Hamza alikuja nyumbani. Anaitwa Latifa. Alikuja na jirani yake Mwanamisi, wamebeba unga na mkungu wa ndizi, wamekuja kutupa pole ya msiba. Mume wake yuko ndani kwa sababu yetu, na yeye anakuja na mkungu wa ndizi. Alinisalimia, "Shikamoo dada," akakaa chini kwenye mkeka na mama. Hakulalamika. Alipoondoka ndipo akaniambia mlangoni, kwa sauti ya chini ili mama asisikie, "Hamza amenituma nikuulize jambo moja tu. Anasema wewe ni fundi, utajua. Je, yeye ameua mtu? Maana hali chakula, anawaza tu." Alikuwa ananiuliza mimi kwa heshima kabisa, kama mtu anayemuuliza daktari. Nikamwambia sijui. Nilisema sijui, Afande!

Na hilo bado halikunileta. Nilikaa siku nzima ya jana nimejikaza. Jioni, kama saa kumi na mbili, nilimkuta mama amesimama chumba cha mbele na ndoo kavu na kitambaa kikavu. Tangu msiba sakafu ile haijapigwa deki, vumbi limejaa, na mama ni mtu ambaye hata akiwa na homa hupiga deki. Aliniuliza kwa Kishambaa, bila kunitazama: je, ni yale maji? Maana yeye ndiye aliyemwambia Kristian avue ndala. Alimwambia, vua hizo, nimeshamaliza, usinichafulie. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwa mwanawe. Siku kumi na mbili mama yangu amebeba hilo peke yake huku mimi niko chumba cha pili nimeficha karatasi. Mimi ndiye niliyeifanya ndala kuwa dawa. Mama hakujua dawa yenyewe ilikuwa ya nini, alidhani ile karatasi ni mzaha wetu, na kusoma hajui vizuri.

Nilishindwa kumjibu. Ndipo nikaamua kuja hapa, nikisema jibu lake lije kwa maandishi.

Ninakabidhi karatasi moja, VAA NDALA KWANZA. AMRI YA FUNDI, mwandiko wa marehemu. Ninakabidhi pia bisibisi yangu. Katika plagi iliyo stoo yenu, mkiangalia waya wa kijani kwa makini, mtakuta gundi ya tepu nyeusi imebaki juu yake, na ncha yake imekunjwa nyuma kama ninavyokunja mimi. Kila fundi hapa mjini anakijua kikunjo changu. Namwomba Hamza Zuberi aachiwe leo, na aambiwe kwa mdomo wa polisi kwamba hakuua mtu.

Nilichokuja kusema kimekwisha. Nimesomewa nikasikia, ni maneno yangu, sikutishwa wala kuahidiwa kitu, na mara hii hakuna nililobakiza.

(Sahihi) D. D. Shemzigwa

Maelezo ya askari: Mimi Koplo Saidi nimeyaandika haya na kumsomea shahidi kwa Kiswahili, lugha aliyoitumia. Yamekamilika saa 5:05 asubuhi. Plagi imetolewa stoo na kufunguliwa mbele yake. Gundi nyeusi imeonekana kwenye waya wa kijani, na ncha imekunjwa kama alivyoeleza. Mkuu wa kituo amearifiwa kuhusu mahabusu Hamza Zuberi. Shahidi ameambiwa kwamba kuanzia sasa anashikiliwa, na amejulishwa haki zake. Alipoulizwa nani apewe taarifa, alimtaja mama yake, na akaomba askari atakayekwenda amfikishie neno moja tu: yale maji hayakuwa na kosa, apige deki.