Boksi la Risasi za Paa

Aabo,

Baba yangu, barua zako zote za kazi nilikusomea mimi. Hii sijui nani atakusomea, lakini naandika.

Ni miezi minne tangu figo zikuchukue. Hooyo amechoka, mama wa watu. Akikaa kumenya viazi, anasinzia kisu kikiwa mkononi. Mimi pia nimechoka, na sijui ni kwa kazi gani. Nafasi yako ya askari wa wanyamapori hapa Bura amepewa Afande Musyoka, kijana wa Kitui. Ni mpole, ila bado hakuna aliyemzoea.

Unakumbuka baada ya swala ya alasiri, uliponiwekea risasi mbili viganjani ukaniuliza ipi nzito? Nzito yenye pua ngumu ni ya nyati, ivunje mfupa. Nyepesi yenye pua laini ni ya paa aliyeumia. Inatanuka, inabaki ndani, naye hateseki. Swala wote wembamba wewe uliwaita paa. Ila ulimi wako wa Kisomali ulisema "baa", nami nikacheka: "Aabo, baa ni mahali pa pombe!" Ukashika kichwa. "Astaghfirullah! Sasa hata risasi zangu zinalewa?"

Ulitaka nikusahihishe kila mara. Siku ulipoandika majina kwenye maboksi ya stoo, niliona umeandika RISASI ZA BAA. Nilikuwa nimetoka mtihanini, kichwa kinauma. Nikanyamaza.

Jumanne lori lilimgonga swala twiga karibu na shule ya msingi, nami nilikuwa nikimpelekea mdogo wangu Sahra chakula. Mnyama alilala mbele ya ua wa mabati wa shule, miguu ya nyuma imevunjika, shingo ile ndefu ikiinuka na kuanguka. Afande Musyoka akaja, akatia risasi. Niliiona pua yake, Aabo. Ilikuwa ya nyati.

Nikasema, "Afande, usipige. Hiyo itapita."

"Rudi nyuma, msichana. Unajua nini kuhusu bunduki?"

"Nyuma ya mabati kuna tangi la maji. Saa hizi watoto wamepanga foleni."

Akashusha bunduki. Mwalimu akaenda kuwaondoa watoto, nami nikamuuliza Afande ziko wapi zile za pua laini, maana ya nyati ingetoboa hata tangi. Akasema hazipo. Zilikuwepo tu zilizoharibika, ambazo amezifunga zirudishwe Garissa. "Boksi limeandikwa baa," akasema. "Baa si balaa? Nikaona ni onyo."

Nilitaka ardhi inimeze. Nikamweleza kwamba ulimaanisha paa, akakimbia kituoni. Alichukua karibu nusu saa, na nusu saa yote hiyo swala alinitazama. Hiyo ni yangu, Aabo. Herufi moja niliyoiacha kwa uchovu. Naomba unisamehe, na yule swala pia.

Aliporudi alipiga mara moja tu, kwa karibu. Shingo ikatulia. Baadaye tukakagua mabati pamoja, hayakuwa na tundu hata moja. Afande akakaa chini vumbini na kofia yake mkononi. Akasema, "Ningepiga, dada. Wallahi ningepiga." Mkamba anaapa wallahi! Ungecheka.

Jumamosi Hooyo atanisindikiza kituoni. Afande ameniomba nimfundishe yote uliyonifundisha, naye atanisaidia fizikia. Nimeichagua, Aabo. Nadhani naiweza.

Nakuaga sasa. Mwenyezi Mungu akurehemu na kaburi lako liwe na nafasi. Nakuahidi kwamba neno nikiliona limekosewa nitalisema, hata nikiwa nimechoka namna gani.

Sahra hajui lolote. Tangu Jumanne amenuna, analalamika kwamba alikuwa wa pili kwenye foleni ya maji na mwalimu akamwondoa bure. Namwacha alalamike. Nitamwambia akiwa mkubwa.

Binti yako,
Hodan