Mwalimu wa Upande wa Pili wa Mlima

Nyeri,
22 Novemba 1998

Dada yangu mpendwa Kabura,

Pokea salamu nyingi kutoka huku Nyeri, ambako baridi ya wiki hii imetufanya tufundishe tukiwa na makoti. Natumaini wewe, shemeji Gathogo na watoto mko wazima huko Kenol, na kwamba mguu wako umepoa kiasi cha kukuwezesha kusimama dukani. Mimi mwilini niko mzima, namshukuru Mungu. Moyoni siko mzima, ndiyo sababu barua hii itakuwa ndefu.

Mmekuwa mkinicheka kwa kukimbilia kompyuta kila Jumamosi. Wacha nikueleze. Mwaka jana kituo cha walimu hapa mjini kilipewa kompyuta moja, ikaunganishwa na laini ya simu. Theuri, msimamizi wa kituo, alituambia kwamba mwalimu akiandika ujumbe hapo, utawafikia walimu wenzake wa Karatina, Murang'a, Embu, Chuka mpaka Meru, nao watamjibu. Tukajiita Baraza la Mlima, maana sote tunauzunguka mlima mmoja. Wengi walikuja mara moja, wakaona mashine inajikokota, wakaenda zao. Mimi nilibaki kwa sababu nilikuwa nimeshindwa na kazi. Darasa langu la sita halikuelewa hesabu za sehemu hata kidogo. Nilikuwa nimewachapa, nimewabembeleza, nimewachapa tena. Niliandika hivyo hivyo, kwa kuwa huko hakukuwa na mkaguzi wala mwalimu mkuu wa kunisoma.

Aliyenijibu alikuwa mwalimu wa Embu anayeitwa Mugendi. Alisema nisifute kosa ubaoni kabla mtoto hajaeleza njia iliyomfikisha hapo, maana hakuna mtoto anayekosea bila sababu. Niliona ni maneno ya mtu asiye na wanafunzi hamsini. Hata hivyo Jumatatu nilijaribu. Kuna msichana, Warigia, ambaye tangu Januari hakuwa amefungua mdomo. Alikuwa ameandika kwamba nusu ya nduma ukijumlisha na theluthi ya nduma unapata mbili kwa tano. Nilimwomba aeleze. Akasema kwa sauti ndogo kwamba amejumlisha juu, akajumlisha chini. Darasa likacheka, kisha mmoja akauliza, "Lakini mbili kwa tano ni kidogo kuliko nusu aliyoanza nayo! Hiyo nduma ingine imeenda wapi?" Dada, walibishana mpaka kengele ikalia. Kesho yake walileta nduma za kweli walizochimba kwao, wakazikata. Mwalimu mkuu alikuja kuuliza hiyo ni kelele gani, akamkuta Warigia ubaoni, ameshika kisu na nusu ya nduma, akiwafundisha wenzake. Tangu siku hiyo sijabeba kiboko.

Nililiandikia Baraza yote hayo, na wengine wakajaribu kwao. Gikunda wa Chuka aliandika kwamba kwake imekataa kabisa. Mugendi hakumwambia amekosea. Alimuuliza watoto walisema nini hasa, na yeye alijibu nini, mpaka Gikunda mwenyewe akaona mahali alipoharakisha. Hivyo ndivyo tulivyofundishana. Mtu alileta aibu yake, akarudi nyumbani na kitu cha kujaribu.

Nilimwambia Mugendi mara nyingi kwamba ningependa kuona darasa lake. Kila mara aliahirisha. Baadaye ujumbe wake ukawa mfupi mfupi, lakini haukukatika. Basi mwezi huu, darasa la nane walipomaliza mtihani, niliamua kwenda bila kumwarifu. Nilimbebea sweta niliyomfumia. Kwenye shule aliyokuwa ameitaja, mwalimu mmoja aliangalia chini, akanielekeza nyumbani kwao.

Msichana aliyekuwa akianika kahawa alikuja kunipokea. Nilimwuliza kama Mwalimu Mugendi yuko. Aliuliza, "Wewe ni Ngendo?" Nilipoitikia, aliketi chini pale pale kwenye udongo. Halafu akainuka, akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya mibuni. Kaburi lilikuwa limeanza kuota nyasi. Walimzika Julai.

Nilimwambia haiwezekani, Jumamosi iliyopita aliniandikia. Alilia, akasema, "Ni mimi, dada. Ni mimi nilikuwa naandika."

Huyo ni Wawira, mdogo wake Mugendi, karani katika ofisi ya wamisheni mjini Embu. Alinieleza kwamba Mugendi alikuwa amekohoa muda mrefu na kukonda, wazazi wa wanafunzi wakaanza kunong'ona jina la ule ugonjwa wa siku hizi, wengine wakawahamisha watoto. Kamati ya shule ikamwambia ati apumzike nyumbani kwanza. Hayo yalitokea kabla hatujaanza Baraza. Muda huo wote aliotufundisha, mtu huyu hakuwa na hata mwanafunzi mmoja. Alikuwa akisema maneno yake akiwa kitandani, Wawira anayaandika, kisha kazini anayapiga kwenye kompyuta na kututumia. Jioni alimletea majibu yetu.

"Nyinyi ndio mlikuwa darasa yake," aliniambia. "Mkisema mtoto ameelewa, hiyo siku alikuwa anakula."

Alipofariki, maswali ya walimu yalikuwa yamebaki yakingoja. Wawira alidhani atayajibu hayo tu, halafu atuambie. Alikuwa ameandika maneno ya kaka yake kwa muda mrefu hata alijua angejibu vipi. Kisha akashindwa kuacha. "Nikiandika jina lake," alisema, "ni kama bado ako kwa nyumba."

Nilikasirika, dada. Nilimwambia amenichezea. Ndipo mama yao akatoka, akauliza mgeni ni nani. Wawira alipomwambia, mama akanishika mikono yote miwili, akasema, "Ndiye huyu aliyeweka kiboko chini?" Hasira yangu iliishia hapo. Nilimpa mama ile sweta. Aliivaa papo hapo, mikono ikamfunika vidole, wala hakuikunja.

Wawira alinisihi nisiliambie Baraza. Nilimjibu kwamba walimu nao wana haki ya kumlilia mwenzao, na mwishowe akakubali. Niliandika Jumamosi ya wiki iliyopita, Theuri akiwa amesimama nyuma yangu. Alisoma mpaka mwisho, akatoka nje. Jana tulipata majibu. Mmoja amesema tumedanganywa na hataandika tena, nami simlaumu. Gikunda amesema ushauri aliopewa Septemba ulimsaidia mtoto kukaa shuleni, na sasa akijua ulitoka kwa Wawira, anamwomba asituache.

Hayo ndiyo niliyowaambia walimu. Yaliyobaki nakuambia wewe peke yako. Mimi na Mugendi tulikuwa tukiandikiana pembeni tangu Februari, mambo yasiyohusu hesabu. Nilimpenda, Kabura. Sikuwahi kumwona hata kwa picha. Mwezi wa Agosti nilijikaza, mimi mwanamke, nikamwandikia kwamba nataka aje nyumbani mumwone. Nilijibiwa, "Subiri kidogo." Nikafurahi, nikasubiri. Kumbe nilikuwa nimemwalika mtu aliyekwisha kuzikwa.

Nilipoaga, Wawira alinisindikiza hadi barabarani, akaniambia kuna maneno Mugendi alimpa anitumie, naye akashindwa kwa sababu yalikuwa ya kuagana. Aliyasema akiwa ameangalia kando: "Mwambie Ngendo nilitaka kumwomba kitu. Lakini mtu ambaye hatafika Krismasi haombi kitu kama hicho."

Sijui nifanye nini na maneno hayo. Najikuta nikiyajibu nikiwa jikoni, nikiwa njiani kwenda shule. Namwambia angeomba tu.

Shule zikifungwa nitakuja kwako, kama mna nafasi. Nipe kazi ya dukani. Ukiniona nimenyamaza, usinihoji mbele ya watoto. Na mama akiuliza tena ni lini nitaleta mtu nyumbani, naomba umjibu wewe, maana mimi sitaweza. Mwambie alikuwepo.

Msalimie shemeji, na watoto uwabusu kwa niaba yangu. Mungu awalinde mpaka tuonane.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Ngendo