"Karibu tena" chini ya tangazo la msiba

Jumanne

Na bado ujumbe wangu haujafutwa. Nimeangalia simu tena sasa hivi.

Asubuhi Mama Shiru, jirani yangu hapa mtaa wa Rhonda, alitangaza kifo cha mumewe kwenye grupu ya mtaa. Bosi wangu hukodisha hema na viti. Akaniambia niweke bei zetu hapo hapo chini, na kila ujumbe wetu lazima uishe na maneno yake: "Karibu tena."

Nikaandika. Pole kwa msiba, bei ya hema, karibu tena.

Watu wakawaka. Nikamwomba bosi nifute.

"Usiguse," akasema. "Wakitukana wanatutangaza bure. Ama umechoka na kazi?"

Sijachoka. Sina nyingine. Na grupu siwezi kutoka, maji yakikatika ama mtoto akipotea ni huko tunaambiana.

Hiyo grupu ni ya majirani. Mwenye biashara akiingia, si aingie kama jirani kwanza? Lakini nani ataniuliza mimi...

Jioni nilienda kumpa Mama Shiru pole. Alinishika mkono, hakuuachilia.

"Nimebaki na Shiru peke yake," akasema. "Nikirudi kwenu kukodi hema tena, nitakuwa nazika nani?"