Tangazo Ambalo Sikupewa Kuchapa

Alhamisi, wiki ya kwanza ya Oktoba

Upepo umeamka kabla yangu. Huu wa mwisho wa kiangazi hauna adabu, unaingia na vumbi mpaka ndani ya kabati, na leo nimefuta meza ya ofisini mara mbili kabla sijawasha kompyuta. Kule mlimani bado wanachoma nyasi, basi hata hewa ina rangi ya chai. Usingizi wangu ulishaharibika tangu Jumatatu.

Kwa wanaopita hapa kwa mara ya kwanza: mimi ni katibu muhtasi wa chuo kimoja mjini Sumbawanga. Nachapa barua, napokea simu za Mkuu wa Chuo, na kila muhula unapofunguliwa naandaa karatasi tunayoiita Taarifa kwa Watumishi. Inabandikwa Alhamisi saa nne kwenye chumba cha chai. Humo utakuta wanafunzi wapya wanaripoti lini, tangi la maji limefikia wapi, nani anasimamia ukataji wa njia ya kuzuia moto kuzunguka shamba, na kwamba ng'ombe wa majirani watakaokutwa bustanini watafungiwa hadi mwenyewe aje. Miaka kumi na sita hakuna mstari uliobandikwa pale bila kupita kwenye vidole vyangu.

Hadi wiki hii.

Jumatatu nilimpelekea Mkuu rasimu yenye mambo saba. Akaisoma polepole, akafika namba sita, akaniambia niache pale nafasi ya mistari miwili, na iliyokuwa namba saba iwe namba nane. Nikauliza hiyo saba mpya inahusu nini ili niichape kabisa. Akasema ataiweka mwenyewe.

Mkuu wetu anachapa kwa kidole kimoja, anadonoa kama kuku kwenye ulezi. Mtu wa namna hiyo akikataa kusaidiwa, ujue ana jambo.

Nikaanza kuhesabu. Mistari miwili haitoshi kueleza mradi wala kutangaza mkutano, maana mkutano una mahali na saa na ajenda. Mistari miwili inatosha kabisa kumhamisha mtu. Fulani amehamishiwa kituo kingine, nafasi yake itashikwa na fulani. Nimezichapa za wengine, najua urefu wake.

Jumanne ushahidi ukaongezeka. Mzee Nemesi, mtunza faili wa masjala, alipita mbele ya meza yangu na jalada la mtumishi amelibana kwapani ndani ya koti. Kwa kawaida majalada ya siri ananipa mimi niyaingize kwa Mkuu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku anaangalia dari. Baadaye nilipoingia na chai, yeye na Mkuu wakaanza ghafla kuzungumzia mvua zitaanza lini. Wanaume wawili wenye mashamba kuzungumzia mvua mwezi wa kumi si ajabu, lakini hawa walianza mlango ulipolia.

Halafu kuna Mwalimu Masanja. Huyu ni kijana mpya wa kompyuta, wazazi wake walihamia na ng'ombe kutoka Shinyanga, na kwa kweli hajanikosea neno. Ndiyo maana nikamtilia shaka. Jumanne mchana aliitwa kwa Mkuu na flashi yake, akakaa nusu saa, akatoka ananitabasamia. Akaniuliza kama printa yangu inasumbua. Nikamjibu kwamba haijawahi kunisumbua. Akasema, "Basi sawa, mama, mimi nauliza tu."

Anauliza tu! Kesho atauliza mhuri ninauweka wapi.

Sasa niungame kitu, kwa kuwa shajara isiyo na aibu ndani yake ni tangazo tu. Jumanne hiyo, Mkuu alipokwenda kukagua tangi, niliingia ofisini kwake kupanga magazeti, na nikapekua kapu la taka. Sijivunii. Nilikuta karatasi imechanwa, na kwenye kipande kimoja kumeandikwa: "atakaimu nafasi hiyo kuanzia". Hakukuwa na jina. Nilikitia kipande mfukoni, nikarudi mezani kwangu, na simu ililia mpaka ikakatika bila mimi kuipokea.

Wa kuhamishwa ni mimi.

Nikiondoka Sumbawanga, mama yangu atabaki na nani? Anaishi Malangali peke yake, macho yameshafifia, na kila jioni nikitoka kazini napitia kwake kabla ya kurudi kwangu Kizwite. Jumanne hiyo nilishindwa kunyamaza, nikamwambia nahisi wananihamisha. Alikuwa anachambua maharage kwa kupapasa. Hakushtuka, ila aliniuliza nimekosa nini. Nikasema sijakosa kitu, ni watu tu na fitina zao. Akaendelea kuchambua, akauliza tena: "Hujakosa kabisa, mwanangu?"

Nilikasirika. Mama yangu mzazi naye alikuwa upande wao.

Jana nikaenda kwa Matroni. Jina lake siliandiki. Ni rafiki yangu tangu tukiwa wasichana wa shule, tulilala kitanda kimoja cha juu na chini, na ndiye anayesimamia bweni la wasichana chuoni kwetu. Nilitaka kumweleza yote ili anisaidie kukasirika. Alinipokea mlangoni akabaki amesimama hapohapo. Nyuma yake kitandani niliona begi limefunguliwa na khanga zimekunjwa. Nikauliza safari ya wapi, akasema anapanga kabati. Nikamweleza habari ya mistari miwili na jalada la Mzee Nemesi na kipande cha karatasi. Alisikiliza hadi mwisho, akasema hadhani kama nahamishwa. Nikamuuliza amejuaje. Akasema hajui, anadhani tu, na kwamba wasichana wanamsubiri awagawie funguo.

Nilirudi nyumbani nikijiambia kikulacho ki nguoni mwako. Tangu mwisho wa Agosti alikuwa amepoa. Salamu zake zilikuwa fupi, chai alikuwa anakunywea bwenini, na Jumapili kanisani alikuwa anakaa upande mwingine. Nikaunganisha: Matroni anajua, Matroni yumo.

Leo saa nne karatasi ikabandikwa. Aliyeibandika ni Masanja. Nilisubiri wengine wasogee, nikaenda na kikombe changu kama mtu asiye na haraka, na macho yakaruka moja kwa moja hadi namba saba. Ilisema Matroni amepewa ruhusa kuanzia leo, na mwalimu wa malezi atakaimu nafasi hiyo hadi atakaporudi. Basi.

Niandike ukweli: nilifurahi. Kwa muda wa kumeza chai mara mbili nilifurahi sana kwamba si mimi. Kisha nikaelewa lile begi. Mwalimu wa malezi akanithibitishia: amekwenda Mbeya, hospitali, kupasuliwa. Ameondoka na basi la alfajiri, na jana nimesimama mlangoni kwake nikimlilia mambo ya mistari miwili.

Baada ya hapo nikapandwa na hasira. Ruhusa ya rafiki yangu nifichwe mimi? Nikaenda kwa Mkuu bila hata kubisha hodi vizuri. Nikamwambia, kwa heshima lakini nikiwa nimesimama, kwamba miaka kumi na sita nimetunza siri za chuo hiki, na kama haniamini aniambie.

Alivua miwani.

"Kaa, Mama Deo," alisema. "Hii haikuwa amri yangu. Ni yeye aliomba. Alisema aandike yeyote, ila wewe usiandike."

Nilikaa. Nikauliza kwa nini. Naye akaniuliza ile barua ya Agosti, ya Matroni kuomba kwenda kupimwa, nani aliichapa. Nikasema ni mimi, na kwamba haikutoka mezani kwangu. Mkuu hakubishana. Alinisimulia tu jambo ambalo mimi, ninayejua kila kitu, sikuwa nalijua. Jumapili mbili baada ya barua ile, mama yake Matroni kule Mwazye alisikia kanisani mwanawe akiombewa. Mtoto mwenyewe alikuwa hajamwambia mama yake neno, alikuwa anasubiri majibu ili asimshtue bure. Kufika Mwazye habari ilikuwa imeshanenepa. Mama wa watu alisikia kwamba binti yake yu mahututi. Alipanda gari na kaka zake wawili, wakafika bwenini wakiwa wamekuja kumchukua akafie nyumbani, na wakamkuta anagawa sabuni kwa wasichana. Yule mama aliishiwa nguvu pale pale mbele ya wanafunzi.

Nikamwambia Mkuu: "Sikumwambia mtu yeyote." Nilikuwa tayari kuapa. Na mbaya zaidi ni kwamba sikuwa nasema uongo, kwa jinsi nilivyokuwa naelewa mimi neno kuambia.

Ilinijia nikiwa nimesharudi mezani, natazama kipande changu cha karatasi.

Jumuiya.

Kila Alhamisi saa kumi jioni tunasali, familia za mtaa wetu, nyumba kwa nyumba. Baada ya somo kila mtu anatoa nia yake, na wote wanaitikia twakuomba utusikie. Mimi nasifiwa kwa kuombea watu. Mwenyekiti wetu, Mama Leokadia, huniacha niwe wa mwisho, na nilidhani ni heshima. Agosti ile nilikuwa nimetoka kuichapa barua, nimejaa hofu, nikapiga goti nikasema tumwombee dada mmoja, jina simtaji, ni matroni pale chuoni, na nikautaja ugonjwa wenyewe, na nikataja Mbeya. Jina simtaji! Matroni wa chuo wako wangapi? Mmoja.

Na si yeye tu. Nimemwombea mtumishi mmoja ambaye vyeti vyake havieleweki. Nimeziombea ndoa mbili za walimu. Nimemwombea mhasibu apate ujasiri wa kuacha pombe. Kila mara nilirudi nyumbani nikijisikia mwepesi, nikidhani ni neema.

Ndiyo maana Mzee Nemesi aliangalia dari. Hakuwa na fitina, alikuwa anaogopa kuombewa.

Ugonjwa siuandiki hapa. Nilishautaja mara moja, yatosha. Kijiji nimekibadilisha, na hata kazi ya rafiki yangu si hiyo. Wanaonijua wasijaribu kuhesabu.

Saa kumi nilikwenda jumuiya kwa sababu kutokwenda kungezua maneno mengine. Leo ilikuwa kwa Mama Leokadia, sebuleni, madirisha yamefungwa kwa ajili ya vumbi. Tulikuwa kumi na wawili. Somo likasomwa, nia zikaanza: mvua zije kwa wakati, mtoto afaulu, ng'ombe aliyepotea aonekane. Zikazunguka hadi kwangu. Nikaona kitu ambacho miaka yote sijakiona, labda kwa kuwa huwa nafumba macho nikiomba. Leo sikufumba. Watu walisogea mbele kwenye viti.

Nikasema leo sina nia.

Mama Leokadia akakohoa, akasema kwa upole kwamba wamesikia Matroni ameondoka na basi la asubuhi.

"Anaendeleaje, Mama Deo? Wewe ndiye mtu wake wa karibu."

"Sijui," nikasema.

Sikuwa nafunika kitu. Sijui atapasuliwa kesho au Jumatatu. Sijui nani amekaa pembeni ya kitanda chake, wala kama mama yake ameambiwa safari hii. Nilimpigia saa nane, simu ikaita hadi mwisho. Nilimwandikia kwamba nimejua nilichomfanyia na namwomba anisamehe, na hajajibu, na sina haki ya kumtilia shaka kwa hilo.

Walinitazama kana kwamba nawanyima. Tukamaliza kwa Salamu Maria, nikaaga kabla ya uji.

Nimepitia kwa mama nikamwambia sihamishwi. Akasema amefurahi. Hakuniuliza tena kile alichoniuliza Jumanne, nami sikuwa na nguvu ya kumjibu bila kuulizwa. Nitamjibu kesho.

Nimefika nyumbani, nimebandika maharage jikoni, nikaingia chumbani nikapiga magoti peke yangu ili nimwombee rafiki yangu. Nikaanza: "Tumwombee dada mmoja..."

Chumbani hakukuwa na mtu wa kuitikia.

Nimetafuta maneno mengine, nikajikuta sijui kusali bila ya kusimulia. Mungu hahitaji kuelezwa ni nani, anafanya kazi wapi, wala amepanda basi lipi. Ukiondoa hayo yote, sikuwa na sala. Nimekaa pale hadi magoti yakauma, kisha nikataja jina lake, jina lake lenyewe la ubatizo, mara moja. Sikuongeza kitu.

Jikoni maharage yameanza kuchemka, upepo bado unagonga bati. Na mimi nakaa na swali hili hadi kukicha: ile Alhamisi ya Agosti nilipopiga goti, nilikuwa naongea na Mungu, au na wale wanaosogea mbele kwenye viti?