Mama Njeri Alipojifunza Kusoma

Mjukuu wangu Akinyi,

Huku Kaloleni hatujambo. Babu yako ametengeneza mlango wa jikoni, na sasa kila mgeni lazima aufungue na kuusifu. Tusalimie Baba Tabu.

Umeniuliza ufanyeje, maana unamfundisha mwanao Tabu kusoma nyumbani na kila ukifungua kitabu analia. Mama yako alikuwa hivyo hivyo. Alipovunjika mguu akakosa shule, nilimfundisha mwenyewe hapa jikoni. Kila akikosea neno alinitazama usoni, kisha akafunga kitabu.

Siku moja jirani yetu Mama Njeri alikuja kuomba chumvi, akatukuta tumenuniana. Alichukua pakiti ya unga, akaketi karibu na mama yako.

"Mimi sikupelekwa shule," akamwambia. "Hebu nionyeshe hapa wameandika nini."

Mama yako akamwonyesha herufi moja moja. Mama Njeri akikosea, walicheka wote wawili. Mimi nilirudi kwenye sufuria zangu, nikawaacha. Mama Njeri aliendelea kuja hata baada ya mguu wa mama yako kupona, na Pasaka ilipofika alisimama kanisani akasoma mstari mzima wa Biblia. Mama yako alikuwa akisogeza midomo pamoja naye.

Kwa hiyo, mama, usimkazie macho Tabu. Mtafutie mtu ambaye yeye hamwogopi, ili Tabu amsomee huyo. Jumapili nipigie simu, umpe kitabu anachokipenda. Nitamsikiliza, hata akikwama kwenye neno moja mpaka chai yangu ipoe.

Akupendaye,
Nyanya yako