Kasuku Mweusi Siku ya Posa

Dada Zuwena,

Nnakusalimu kutoka Al Amerat kwa Shangazi Thuraya, ambako joto limetufungia ndani sote. Shangazi ametundika sebuleni picha ya kale ya kasuku mweusi wa Australia, mwenye shungi kubwa na jicho kali. Anasema inaipa nyumba heshima.

Jana walikuja wageni, kijana na mama yake, kumposa Salma, binti wa Shangazi. Mama wa kijana akaitazama picha, akakirudisha kijiko cha halwa. "Bi Thuraya, kunguru ndani ya nyumba ya posa?"

Shangazi akanywea. Salma, nyuma ya pazia, akamshukuru Mungu, maana alishaapa kumkataa kijana huyo, eti bubu, hasemi na mtu.

Basi bubu akafungua mdomo. "Si kunguru, mama, kasuku huyo. Mchoraji hakumuona hai. Aliletewa Ulaya ngozi iliyojazwa pamba, ndo maana kasimama kama askari. Hilo jicho kalikisia tu."

Salma akaangua kicheko, sote tukamsikia. "Na shungi je?" akauliza kutoka ndani.

Kijana akaeleza shungi, kisha mdomo, kisha kila ndege aliyepata kuchorwa na wachoraji wa kale, mpaka kahawa ikapoa na mama yake akasinzia kitini.

Salma kakubali. Tangu asubuhi mchumba yuko kwenye simu, na sauti yake imejaa nyumba nzima. Sasa amefika kwenye bundi.

Utuombee masikio, dada yangu. Wabusu wanao, na Mungu akuweke.

Mdogo wako,
Asya